Treni ya La Ciotat na rangi za kukisia

Mwaka 2020 mtengenezaji wa video Denis Shiryaev aliipitisha filamu ya ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, kwenye programu za akili mnemba, kisha akaiweka YouTube kwa ubora wa 4K. Ni ile ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, kusini mwa Ufaransa: sekunde 50 hivi zilizoonyeshwa kwa umma mwaka 1896. Mamilioni wakaitazama, mimi nikiwamo. Tumezoea kuwaona watu wa enzi hizo wakienda hatua za kuku anayedonoa, na hapa abiria wanashuka na mizigo yao kama watu tunaopishana nao kituoni.

Kwa hilo sina ugomvi. Kamera za zama zile zilizungushwa kwa mkono, fremu, yaani picha moja moja, kama 16 kwa sekunde. Ukizicheza kwa kasi ya 24, kila mtu anageuka kichekesho, hata kwenye maziko. Kuwarudishia mwendo wao ni kuwatendea haki. Mikwaruzo nayo ni hivyohivyo: doa likifunika uso katika fremu moja, fremu ya kabla na ya baada bado zina uso huo, programu inaazima humo. Kilichorudishwa kilikuwapo.

Ila Shiryaev alifika fremu 60 kwa sekunde. Piga hesabu: kila sekunde, fremu 44 hazikuwahi kupita kwenye lenzi yoyote. Mashine imezikisia. Makisio hayo hayanikoseshi usingizi, kwa kuwa mguu ulioinuliwa hapa na kutua pale lazima ulipita katikati. Rangi ndiyo inayonitia shaka, na wapo waliokwisha kuipaka hata treni hiyo.

Mashine hufundishwa kwa picha za rangi zilizovuliwa rangi. Inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, mara nyingi mno. Mwisho inajua kwamba majani ni kijani. Lakini gauni? Gauni linaweza kuwa la rangi yoyote, na anayeogopa kukosea huchagua ya katikati, ndiyo maana video nyingi za namna hii zimejaa kahawia iliyopauka. Tena mikanda ya kale haikuiona rangi nyekundu. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, anga la buluu likatoka jeupe. Kwa hiyo hata kijivu ambacho mashine inakitegemea kina uongo wake.

Nilijaribu mwenyewe kwa picha ya bibi ya miaka ya 60. Amejitanda kanga, mashine ikaipaka rangi ya udongo. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, hiki si kisutu? Kisutu cha udongo umekiona wapi?" Na kweli, yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani angeitambua nakshi ile na kujua palepale kuwa ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mashine ilikuwa na kila alama mbele yake, ila haikuwahi kualikwa.

Ndiyo maana namweka mwongozaji Peter Jackson kando. Katika filamu yake They Shall Not Grow Old, ya mwaka 2018, rangi za askari wa Vita ya Kwanza zilifuatishwa kwenye sare halisi, na wasoma midomo wakatafutwa ili kujua waliokuwa kwenye picha walisema nini. Unaweza kubishana naye, lakini kuna wa kumuuliza alijuaje.

Wanaotetea rangi wanasema bila hizo kijana hatazami. Wana haki, mpwa wangu hamalizi dakika moja ya filamu isiyo na rangi. Lakini mlango ukishafunguliwa haupitwi na rangi peke yake. Mwaka 2021 tovuti ya habari ya Vice ilichapisha picha zilizopakwa rangi za wafungwa wa S-21, gereza la mateso la utawala wa Khmer Rouge nchini Kambodia. Baadhi ya wafungwa walikuwa wametiwa tabasamu. Serikali ya Kambodia ikalalamika, picha zikaondolewa. Tabasamu ni uamuzi wa mtu, siibebeshi mashine, lakini rangi ndizo zilizolifanya lionekane la kweli.

Ningeridhika kama nakala asili ingeambatana na ya rangi kila inapokwenda. Haiambatani. Nilituma zote mbili kwenye kundi la ukoo. Ile ya udongo ndiyo iliyosambaa, na binti ya mjomba keshaichapisha, kaitundika sebuleni.