Kibali cha sola California: bei apange nani, jimbo au mji?

Huko California, jimbo la Marekani, kibali cha kufunga sola juu ya nyumba ni karatasi chache: mchoro wa paa, mchoro wa nyaya, aina ya paneli na inveta, ukubwa wa mfumo kwa kilowati. Afisa wa mji huzipitia. Kazi ikiisha anakuja mkaguzi. Anatazama paneli zilivyokazwa, anafungua kisanduku cha swichi, anafuata waya wa ethi, anahakikisha swichi ya kuzimia ina lebo ambayo zimamoto wataiona haraka nyumba ikiwaka. Kazi hii itozwe kiasi gani?

Miji mingi ya California ilikuwa ikikokotoa ada kwa thamani ya mradi, kama inavyofanya kwa mtu anayeongeza vyumba. Kwa sola hesabu hiyo haina haki. Aliyenunua paneli za bei kubwa alilipa zaidi, ingawa mkaguzi alikagua waya uleule. Tena majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa mji wangeweza kulipa ada zisizolingana hata kidogo kwa paa zinazofanana. Mwaka 2012 bunge la jimbo likaweka ukomo: dola 500 kwa mfumo wa nyumba usiozidi kilowati 15, na dola 15 kwa kila kilowati inayozidi. Sheria ya 2017 ikashusha hizo 500 kuwa 450. Mji unaotaka kuzidisha sharti upitishe azimio na utoe ushahidi wa gharama zake.

Mimi naona jimbo lilikuwa na haki. Sera ya nishati ni yake. Tangu 2020 linazitaka karibu nyumba zote mpya ziwe na sola. Haliwezi kumwagiza mwananchi aweke paneli, kisha liachie kila mji umtoze unavyopenda.

Hata hivyo, hoja ya miji ni nzito. Tangu 1978 kodi ya majengo imefungwa kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na tangu 2010 katiba ya jimbo hairuhusu ada izidi gharama halisi ya huduma bila kuhesabiwa kuwa kodi. Kwa hiyo faida ilikwishakatazwa kabla ya ukomo huu. Basi mji ambao gharama yake inapita dola 450, na haukupitisha azimio la kuzidisha, utatoa wapi tofauti? Kwenye mfuko mkuu, ule unaolipia maktaba na barabara. Na mpangaji asiye na paa lake anajikuta akichangia sola ya mwenye nyumba. Hili halipaswi kupuuzwa, hasa ukizingatia kwamba ukomo ulishushwa wakati mishahara ya wakaguzi ikipanda.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka mwaka 2017, ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, halmashauri zinazoutegemea ushuru huo zikapoteza mapato. Anayepunguza si yeye anayebaki na pengo.

Kinachonifanya nisimame upande wa ukomo ni kwamba gharama ya kazi yenyewe inaweza kupunguzwa. Sheria ya 2022 iliitaka miji mingi itumie mfumo wa kompyuta unaopitia maombi ya kawaida na kutoa kibali papo hapo. Programu mojawapo, SolarAPP+, iliyotengenezwa na maabara ya taifa ya nishati mbadala, inatolewa bure kwa serikali za mitaa, na jimbo lilitenga dola milioni 20 kuisaidia miji kuanza. Mwenye nyumba naye anaumizwa zaidi na kungoja kuliko na zile dola 450: mfumo ambao mara nyingi unapita dola 15,000 unakaa bila kufungwa kwa sababu ya saini moja.

Ila utaratibu ulikwenda kinyumenyume. Ukomo ulianza 2013, fedha za kusaidia miji zikaja karibu miaka kumi baadaye. Na miji yenye watu chini ya 5,000 haikulazimishwa kuwa na mfumo huo, lakini ukomo inao. Huko karatasi bado zinasomwa na afisa yuleyule anayeshughulikia mabomba na uzio. Kwa miji hiyo, jimbo lilipe tofauti lenyewe.