Ufuatiliaji wa wateja: kazi ipi iachiwe mashine?

Mteja ameomba bei ya mashine ya kusaga nafaka. Muuzaji amemtumia profoma, kisha kazi nyingine zikamzonga, na wiki mbili zimepita bila hata simu. Mauzo mengi hufia hapo, hata pale bei ilipokuwa nzuri.

Programu za CRM, yaani za kutunza rekodi na mawasiliano ya wateja, kama HubSpot, huziba pengo hilo kwa mfuatano wa ujumbe. Unaandika barua pepe tatu au nne, unapanga ya pili iende baada ya siku tatu, ya tatu baada ya wiki, na katikati unaweka ukumbusho wa kupiga simu. Mteja akijibu, au akipanga miadi kupitia kiungo, mfuatano unasimama wenyewe. Kwa ofisi yenye wauzaji wawili na profoma zilizorundikana, faida yake haina ubishi.

Ubishi unaanza kwenye huko kusimama. Mfumo hutambua jibu lililorudi kwa barua pepe, ilhali wateja wengi wa Dar es Salaam na Nairobi, hata waliopokea profoma kwa njia hiyo, hujibu kwa simu au WhatsApp. Mtu ameshapiga, ameomba apunguziwe, mmeelewana. Kesho yake anapokea barua inayosema hamjapata jibu lake. Ataamini vipi kwamba jana alisikilizwa? Watetezi wa mfumo watasema kosa ni la muuzaji, angemtoa mteja kwenye mfuatano. Ni kweli, lakini mfumo wenyewe ulinunuliwa kwa sababu muuzaji husahau. Ndiyo maana naona barua ya pili na ya tatu zisijitume. Zimjie muuzaji kama kazi ya siku hiyo, azisome, ndipo azitume. Kasi itapungua, na nakubali gharama hiyo.

Alama ya "amefungua barua" nayo isitumike kuamua hatua inayofuata: huwaka pale picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua hata kabla mtu hajaisoma.

Kwa orodha za anwani za kununua, sioni upande wa kutetea. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara, na Tanzania ina sheria yake ya 2022. Google nayo, tangu Februari 2024, inawataka watumaji wa barua kwenda Gmail malalamiko ya spamu (barua taka) yasifike asilimia 0.3. Anwani ya kampuni ikishachafuka, hata ankara ya mteja wa miaka mingi inaweza kuishia kwenye spamu.

Ningeanza na waliokwisha kuomba bei tu, barua tatu basi, na kila simu au ujumbe wa WhatsApp uingizwe kwenye rekodi ya mteja siku hiyo hiyo. Ofisi ambayo bado haijaweza hilo iendelee kwanza na daftari la simu.