Mhusika Wangu Ana Kiwanja

Mwalimu wetu wa uandishi hataki kusikia "mama mkarimu" wala "baba mkali." Ukimpelekea hivyo, karatasi inarudi. "Mkali kwa nini? Anatafuta nini? Nani anamzuia? Ana siri gani ambayo hata anayelala naye haijui?" Akatutuma mtaani, kila mtu amsake mhusika wake.

Mimi huyo, Kariakoo, uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa Kongo, benchi la mama ntilie. Na mhusika nikampata kweli: mkono wa kulia unapakua wali, wa kushoto unarudisha chenji, mguu unamfukuza paka. Nikaagiza wali maharage, nikatoa daftari.

Sasa, Kariakoo ukionekana unaandika, basi umetumwa. Nikitazama ndoo ya maji, naandika. Mara ndoo ikafunikwa. Nikitazama nywele zake, naandika; mara akajifunga kitambaa kichwani. Kikaja kipande cha samaki ambacho sikuagiza.

"Kula ushibe, bwana afya."

"Mama, mimi si bwana afya."

Akaniongezea kipande cha pili.

Ilibaki siri tu. Hiyo haionekani usoni, nikaitunga mwenyewe: "Kila jioni anachomoa elfu tano kwenye mauzo, anaificha kwenye kopo la iliki. Amenunua kiwanja Mkuranga. Mumewe hajui." Nikapiga mstari chini ya "hajui." Kwa kweli nilijiona nimeiva.

Nikainuka kunawa mikono. Narudi, daftari liko kwa baba mmoja aliyekuwa ameshusha gunia la mkaa, analisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na benchi zima limeacha kutafuna. Nilidhani ni muuza mkaa. Kumbe ndiye mume.

"Ki-wa-nja... Mkuranga?"

Mama akatupa upawa ndani ya sufuria. "Mwongo mkubwa huyu! Mkuranga mimi napajua? Ni Chanika!"

Hapo hata mwenye pilipili mdomoni hakukohoa.

"Chanika ipi?" mume akauliza, polepole sana.

Mama akanigeukia mimi, kidole puani pangu. "Kijumbe wa upatu ndiye kakwambia, siyo? Yule mwanamke hana kifua!"

"Hapana mama, hakuna aliyeniambia. Nimekutunga tu."

"Umenitunga? Wewe? Mimi nimezaliwa Kisarawe, nina baba na mama!"

Wateja wakaanza kugawanyika. Wa upande wa sufuria wakasema mwanamke kutunza akiba si dhambi. Wa upande wa gunia wakataka kujua na hilo kopo liko wapi. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akaniuliza kama naweza kumwangalia na yeye mkewe.

Nikanyoosha mkono kuomba daftari langu. Mume akalibana kwapani, akanisogezea kigoda.

"Kaa, mwandishi. Malizia. Hati imeandikwa jina la nani?"

"Hakai!" mama akadakia. "Wali, maharage, samaki wawili. Elfu nane, na uondoke!"