Sony inavuta, Ricoh inakusogeza

Kila nikitoa kamera mfukoni kuna mtu ataniuliza: "Kwani wewe huna simu?" Ninayo, na inapiga picha safi tu. Shida ni kwamba nikiitoa simu nakutana kwanza na meseji tatu, moja ya mtu anayenidai, na nikimaliza kuzisoma kile nilichotaka kukipiga kimeshapita. Kamera haina WhatsApp. Kwangu sababu hiyo inatosha, sitabishana zaidi.

Ninazo mbili ndogo, zote za mwaka 2019: Ricoh GR III na Sony RX100 VII. Zilitoka wakati kamera za aina hii zimeshachimbiwa kaburi. Mwaka 2010 kamera ndogo zenye lenzi isiyobadilishwa zilizotoka viwandani zilizidi milioni 100 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Simu ilizimeza. Kisha wakaja vijana waliokua na simu mkononi, wakaanza kuzisaka upya, na bei ya zilizotumika ikapanda kama ya nyanya wakati wa masika. Sony yangu niliinunua mkononi mwa mtu kabla ya wimbi hilo. Ricoh aliniletea binamu yangu kutoka Muscat, imefungwa ndani ya soksi katikati ya boksi la maziwa ya unga.

Niliyozoea kusikia ni watu kuzilinganisha kwa megapikseli: Ricoh 24, Sony 20. Hizo zisahau. Ukisafisha picha ya ukubwa wa kutundika sebuleni hutaiona tofauti hiyo hata ukivaa miwani ya babu.

Tofauti ya kweli iko kwenye sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Ya Sony inaitwa ya inchi 1, na jina hilo ni uongo wa heshima: ukiipima ni milimita 13.2 kwa 8.8, haina inchi popote. Jina limerithiwa kutoka kwa mirija ya kamera za televisheni za zamani, iliyokuwa ikipimwa kwa unene wa kioo cha nje. Ya Ricoh ni milimita 23.5 kwa 15.6. Zidisha mwenyewe, utaona eneo lake ni kama mara 3 ya ile. Na kwa kuwa lenzi zote mbili kwenye upana wake zinafunguka hadi f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), maana yake usiku, kwenye kibanda cha chipsi chenye taa moja ya njano, Ricoh inakusanya mwanga mara 3 ya mwenzake. Ukiivuta Sony hadi mwisho inabana hadi f/4.5, hapo pengo linazidi. Picha ya mkaanga chipsi niliyoipiga kwa Ricoh saa tatu usiku ina weusi unaokaa kama weusi. Ile ya Sony ina chengachenga kwenye kivuli, kama pazia limemwagiwa semolina.

Sasa, Sony inalipa deni hilo kwa lenzi. Inaanzia 24 hadi 200, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35 tuliyozoea, namba ndogo ikiona pana na kubwa ikivuta cha mbali, na yote hayo ndani ya kitu cha gramu 302. Ricoh ina gramu 257, ni nyembamba zaidi, na lenzi yake ni 28 basi. Haivuti. Ukitaka kitu kiwe kikubwa kwenye picha, miguu unayo.

Nilidhani huo ni upungufu. Karibu mwaka mzima nilitembea na Sony peke yake, na nikaona nimefika: ukumbi, ufukwe, soko, nyani wa Mikumi, yote mfuko mmoja. Siku moja mvua ilinifungia ndani nikakaa kuzipitia picha zote. Nikaona migongo. Migongo, visogo, watu wanaotazama pembeni, mama anayekuna nazi huku kidirisha cha daladala kimemkata kichwa. Kumbe nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara, navuta hadi 200, nadokoa, naondoka. Paka wa jikoni kabisa. Hakuna hata mtu mmoja kwenye picha zile aliyekuwa akijua kuwa nipo.

Simlaumu aliyetengeneza zumu. Nasema tu kwamba chombo kikikurahisishia tabia fulani, utaikuta imeshakuota.

Ricoh ilipokuja nilikosa pa kujificha. Kwa lenzi ya 28, mtu aliye mita 10 kutoka kwako ni kama mchwa kwenye picha. Ili aonekane lazima uwe mita moja na nusu, mbili, na Dar es Salaam huwezi kumsogelea mtu kiasi hicho ukiwa kimya. Utasalimia tu, upende usipende. Kuna mama anauza vitumbua mtaani kwetu, tulikuwa tukipishana miaka miwili bila hata jina. Asubuhi ya kwanza na Ricoh:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vingapi?"

"Vinne. Na nilikuwa naomba nikupige picha, kama hutajali."

Akageuza kitumbua, hakuniangalia. "Picha ya kwenda wapi?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia ni yangu tu, na yake nitamletea. Akafikiri kidogo, akasema nisubiri afunge vizuri kilemba. Baada ya hapo alirudi kwenye kazi yake, na mimi nikapiga nikiwa nimeinama pale pale, moshi ukinipiga usoni: mikono, chuma cha vitumbua, kikombe cha plastiki kinachopima uji wa mchele. Ndiyo picha yangu ya kwanza ya mwaka ule ambayo ina mtu ndani yake.

Kwa wanaopiga mtaani, Ricoh ina kitu kingine ambacho sijakikuta kwenye Sony kwa urahisi huo. Unaiwekea umbali kabla, tuseme mita 2.5, kisha ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini haitafuti kulenga, inapiga hapo hapo. Jua la saa sita likikuruhusu kubana lenzi hadi f/8, kila kitu kuanzia kama mita 1.2 hadi upeo wa macho kinatoka kikiwa wazi. Kariakoo, ambako mkokoteni, boda na mwenye mzigo wa mitumba kichwani vinakupita kwa sekunde moja, hiyo ndiyo njia pekee ninayoiamini. Sony inalenga kwa akili nyingi, inakamata jicho la mtu na kulifuata anavyotembea, na inaweza kupiga picha 20 kwa sekunde. Lakini picha 20 kwa sekunde maana yake ni kukaa usiku unachagua moja kati ya 20 zinazofanana, na mimi nina maisha mengine.

Jua hilo hilo lina upande wa pili. Ricoh haina tundu la kuchungulia, na kioo chake hakikunjuki. Saa saba mchana ufukweni unachokiona kwenye kioo ni uso wako mwenyewe na jasho lake. Unapiga kwa kukisia. Sony ina kitundu kinachochomoza pembeni juu, unaweka jicho, unaona. Kioo chake kinapinduka hadi kikutazame wewe, ndiyo maana mdogo wangu wa kike huja kuazima Sony tu, Ricoh hajawahi hata kuigusa. Video nazo asikudanganye mtu: Sony ina 4K na tundu la maikrofoni, Ricoh inaishia HD kamili na inafanya kwa shingo upande. Ukitaka kurekodi mwali akitolewa ndani, chukua Sony.

Nyuso zetu zinataka neno la peke yake, na hapa kamera zote mbili zinakosea sawasawa. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe huvuta kila kitu kuelekea kijivu cha kati. Mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au bwana harusi ndani ya kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso unageuka kivuli chenye meno. Ongeza mwanga kwa mkono, +0.7 au hata +1 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kanzu ipoteze mikunjo miwili mitatu, uso ubaki. Kanzu hatutaitundika ukutani kwa ajili ya mikunjo yake. Kinyume chake pia kipo: uso mweusi ukijaza fremu nzima mbele ya giza, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na mtu anatoka rangi ya majivu. Hapo punguza. Sikuambiwa na mtu, nimejifunza kwa kuharibu harusi mbili za ndugu, ambao wamenisamehe kwa maneno tu.

Na shangazi je. Nilimpiga kwa Ricoh siku ya mahari ya binti yake, kwa ile ile furaha yangu ya kusogea. Alipoiona akanyamaza, kisha akauliza: "Baba, hii pua yangu umeipandisha cheo?"

Alikuwa na haki. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni kama sentimita 12. Ukisimama nusu mita kutoka kwa mtu, sentimita hizo ni karibu robo ya umbali wote, kwa hiyo pua inatangulia na masikio yanabaki nyuma. Simama mita 3, hazisikiki. Kwa hiyo kosa ni la umbali. Lenzi pana inakushawishi tu usogee kuliko inavyofaa. Ricoh inakuruhusu kukata picha iwe kama ya lenzi ya 35 au 50, lakini kwenye 50 unabaki na megapikseli 7 tu, na bado hufikii uso wa mtu kutoka mbali. Sony unarudi hatua tatu, unavuta hadi 90 au 100, na shangazi anakuwa yule shangazi anayemjua kwenye kioo chake. Ukumbini pia ina flashi yake ndani. Ricoh haina hata kidogo.

Betri ni aibu kwa zote. Ricoh inakadiriwa picha 200 kwa chaji moja, Sony 260. Ya Ricoh inachajiwa kwa waya wa USB-C, ule ule wa simu yangu; Sony bado inataka ule wa zamani mdogo, ambao nyumbani kwetu umebaki mmoja na unagombaniwa na redio. Nunua betri ya pili siku ile ile unayonunua kamera.

Na unyevu wa pwani usiuchukulie poa. Hakuna kati ya hizi iliyozibwa dhidi ya maji wala vumbi, na lenzi ikifungiwa kabatini Dar miezi mitatu inaota kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mimi naziweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mkali, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Dawa kubwa zaidi ni kuzitumia. Isipokuwa pale Magogoni nikisubiri pantoni: Ikulu iko jirani, kamera zote zinakaa mfukoni, na askari hana haja ya kujua lenzi yangu ni ya ngapi.

Ukinilazimisha kubaki na moja, nabaki na Ricoh. Najua mtu mwenye watoto wadogo, au anayesafiri na familia, atafanya upumbavu kunifuata. Mtoto kwenye jukwaa la mahafali hasogelewi, anavutwa. Mimi sina mtoto jukwaani. Nina mtaa, na mtaa nilikuwa nauangalia kama mgeni aliye ndani ya basi la watalii.

Picha ya mama wa vitumbua niliisafisha, nikampelekea kwenye bahasha. Aliitazama muda mrefu. Akaita jirani, jirani akaitazama. Kisha akanirudishia.

"Nzuri mwanangu, lakini ndiyo nini kunipiga na moshi? Njoo Idi, nitakuwa nimevaa."

Nikaenda Idi. Alikuwa amevaa baibui jipya lenye nakshi za fedha mkononi, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kanga, mgongo wima, hacheki, kama watu walivyokaa studio enzi za filamu. Nilisimama mita 3, nikavuta hadi 100. Ndiyo, kwa Sony. Hiyo ameitundika sebuleni, karibu na kalenda. Ile ya moshi nilimwachia mjukuu wake, ambaye ndiye anayekoroga uji wa mchele alfajiri, na akaichomeka kwenye jalada la daftari lake la hesabu.