Tangazo la Macintosh la 1984 na uhuru lililoahidi

Tarehe 22 Januari 1984, katika robo ya tatu ya Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, watazamaji wa Marekani walioneshwa tangazo la dakika moja ambalo bidhaa yenyewe haikuonekana hata mara moja. Wanaume walionyolewa vichwa wameketi safu kwa safu, wakimsikiliza mtawala anayehutubia kutoka kwenye skrini kubwa. Mwanamke mwenye kaptula nyekundu anakuja mbio, askari wakimfukuza, anazungusha nyundo na kuirusha, na skrini inapasuka. Ndipo inapotangazwa kwamba tarehe 24 Januari kampuni ya Apple itazindua kompyuta ya Macintosh, na kwamba mwaka 1984 hautafanana na ule wa riwaya ya George Orwell, inayohusu dola inayompeleleza kila raia.

Kwa upande wa ufundi, sina la kupinga. Ridley Scott aliliongoza kwa ustadi wa mtengenezaji filamu, na wakala wa matangazo Chiat/Day alilipigania hata baada ya bodi ya Apple kulichukia na kutaka muda wa televisheni uliokwisha kununuliwa uuzwe. Lililobaki mezani ni ujumbe wake: je, mnunuzi alipewa uhuru alioahidiwa?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Wakati huo, mtumiaji wa kawaida wa kompyuta ya IBM, kampuni iliyoshindana na Apple, alilazimika kukariri amri na kuziandika bila kukosea herufi. Macintosh ilimpa kipanya, picha ndogo za mafaili na menyu za kuchagua, kwa dola 2,495. Mengi ya hayo yalitokana na utafiti wa kampuni ya Xerox, na Apple yenyewe ilikuwa imeyatia katika kompyuta yake ya awali, Lisa, mwaka 1983, lakini Lisa iliuzwa karibu dola 10,000. Kwa mtu asiye na mafunzo ya kompyuta, huo ulikuwa ukombozi wa kweli, na si haki kuubeza.

Hata hivyo, tulitazame sanduku lenyewe. Kompyuta ya IBM ya 1981, ambayo wengi waliiona nyuma ya sura ya yule mtawala, ilikuwa na nafasi tano za kuongezea kadi za saketi za kupanua uwezo wake, na michoro ya saketi zake ilichapishwa katika kitabu cha kiufundi ambacho yeyote angeweza kukinunua. Macintosh haikuwa na nafasi hata moja ya aina hiyo. Skrubu zake mbili za juu zilizama ndani ya mpini, zikihitaji bisibisi maalumu yenye shina refu. Kumbukumbu yake ya kilobaiti 128 ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao wa saketi, na mwenye kiendeshi kimoja cha diski aliyetaka kunakili diski alijikuta akizitoa na kuzirudisha mara kwa mara. Apple II ya 1977, ya kampuni hiyohiyo, mfuniko wake ulifunguliwa kwa mkono na ndani yake mlikuwa na nafasi nane.

Watetezi hujibu kwamba kufungwa huko ndiko kulikoleta wepesi, kwa kuwa mhandisi anayejua kila mashine ni sawa na nyingine anaweza kumwondolea mtumiaji usumbufu mwingi. Naikubali hoja hiyo, ila ina gharama yake, na gharama hiyo haikutajwa. Mwaka 2020 kampuni ya michezo ya video ya Epic Games, katika mgogoro kuhusu kamisheni ya asilimia 30 kwenye duka la programu la Apple, ililiigiza tangazo hilohilo na kuiweka Apple katika nafasi ya mtawala. Epic nayo ilitafuta faida yake, bila shaka. Lakini shutuma ile iliwaingia watu kwa sababu suala la nani anaamua kinachoingia ndani ya mashine lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Kwa maoni yangu, tangazo lilisema kweli kuhusu wepesi wa kutumia, likanyamaza kuhusu mamlaka ya mnunuzi juu ya mashine yake. Kinachonitatiza zaidi ni kumtumia Orwell. Aliandika kuhusu mateso, upelelezi na kufutwa kwa kumbukumbu za watu, ilhali mnunuzi wa mwaka 1984 ambaye hakuitaka IBM angeweza kuingia dukani na kutoka na kompyuta ya Commodore 64 kwa bei ndogo kuliko zote mbili, bila askari yeyote kumfukuza.