Tunalilia Medali, Hatulilii Damu

Kila mwanariadha wetu anapofungiwa, maneno huwa yale yale: ametuaibisha, amemwibia mwenzake medali, arudishe pesa. Juzi nimesikiliza kipindi kizima cha redio kuhusu EPO, sindano ya kuongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza dawa hiyo humfanya nini anayejidunga. Mchangiaji mmoja akafika mahali pa kusema afadhali EPO, maana ni dawa ya hospitali, si sumu. Hapo hasira zikanipanda.

Ni dawa ya hospitali, ndiyo. Figo nzima hutengeneza homoni hii zenyewe ili kuuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu. Figo zikifa, mgonjwa hupungukiwa damu, na ndiyo maana wengi wanaosafishwa damu hudungwa EPO. Tangu iidhinishwe Marekani mwaka 1989, imewaepusha wengi na kuongezewa damu kila mara. Siibezi hata kidogo.

Lakini tazameni yaliyowapata wagonjwa hao hao, tena mikononi mwa madaktari. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uitwao CHOIR. Kundi moja la wagonjwa wa figo lililengwa kufikishwa kwa EPO hemoglobini (kibeba-oksijeni cha damu) 13.5, jingine 11.3. Vifo, mshtuko wa moyo, kiharusi na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi, vikijumlishwa pamoja, vilikuwa vingi zaidi kwa waliopandishwa juu, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Mwaka 2009 ukaja TREAT, wenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wa kisukari na figo. Waliopewa dawa ya jamii hiyo walipatwa na kiharusi 101, wenzao 53. Na hiyo 13.5 si kiwango cha ajabu. Mwanamume mwenye afya njema anacho bila kudungwa chochote. Hatari ilikuwa katika kuilazimisha damu ipande.

Sasa mfikirie kijana mkimbiaji wa Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko wenyewe umeshamwongezea chembe nyekundu. Anadungwa katika chumba cha kupanga na mtu asiyempima damu kabla wala baada. Dozi haijui. Kama chupa ilikaa kwenye friji au dirishani, hajui pia. Kisha anakimbia kilomita 42, jasho linamtoka, maji ya mwilini yanapungua na damu inazidi kuwa nzito. Usiku moyo wake wa mkimbiaji hupiga polepole, ukisukuma kitu kama uji mzito kwenye mishipa iliyozoea maji. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Likienda kwenye mapafu, anaweza kufa papo hapo. Presha nayo hupanda. Na kuna wagonjwa, wachache, ambao miili yao iligeuka kuishambulia EPO hata ile yao ya asili, uboho ukaacha kabisa kutengeneza chembe nyekundu.

Mtaniambia vifo vya waendesha baiskeli vijana wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 havijathibitishwa kuwa vya EPO. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini mwaka 1997 chama chao cha dunia kiliweka kikomo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, cha asilimia 50 kwa wanaume, na aliyekivuka alipumzishwa kwa ajili ya afya yake. Hawakufanya hivyo bila sababu.

Sisi tumebaki na majina ya wakimbiaji wetu waliofungiwa kwa EPO: Rita Jeptoo, Jemima Sumgong, Asbel Kiprop. Kiprop alipata dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008 baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupokonywa kwa aina ya EPO, kisha mwaka 2019 naye akafungiwa miaka minne kwa EPO, ingawa alikana. Tulibishana wiki nzima kuhusu dhahabu.

Kwa hiyo nasema na wewe uliyeshadungwa, na sikuulizi ni nani aliyekudunga. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kocha. Mwambie daktari ni sindano gani na lini. Mambo ya kufungiwa yatajadiliwa ukiwa hai.