Ukienda kuonja mvinyo Stellenbosch, uliza nani aliyechuma zabibu

Siku hizi Mtanzania au Mkenya akienda Cape Town, ni nadra kurudi bila picha ya shamba la mizabibu: glasi mkononi, milima ya buluu nyuma, nyumba nyeupe ya Kiholanzi pembeni. Pazuri kweli pale, na mtu akiweza kwenda na aende. Kinachonikera ni maelezo. Unaambiwa kwa kirefu pipa limetengenezwa kwa mwaloni wa Ufaransa na mvinyo umelala humo miezi mingapi, lakini kuhusu watu waliolima mashamba hayo tangu enzi za utumwa, kimya.

Mimi na binamu yangu, ambaye anafanya kazi Cape Town, tulianzia Groot Constantia. Ni shamba ambalo gavana Simon van der Stel alipewa mwaka 1685, na mvinyo wake mtamu ulipata sifa hadi Napoleon akawa anaunywa huko kifungoni Saint Helena. Binamu hanywi pombe. Aliagiza juisi ya zabibu na hakuna aliyemshangaa, kwa hiyo wasiokunywa wasiogope kwenda. Pale Constantia kuna makumbusho, na wanasema waziwazi kwamba shamba liliendeshwa kwa jasho la watumwa. Wengi wao walitoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na Msumbiji, jirani zetu kabisa.

Tarehe zenyewe zinasema mengi. Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema, ndiyo Cape yenyewe, mwaka 1652, wakapanda mizabibu mwaka 1655. Meli za kwanza zilizoleta watumwa kwa mamia zilitia nanga mwaka 1658, na mvinyo wa kwanza ukakamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mvinyo wa Rasi na utumwa wa Rasi vimekua pamoja tangu mwanzo. Ukisimulia kimoja ukaacha kingine, hujasimulia historia.

Kituo cha pili kilikuwa Vergelegen, upande wa Somerset West. Mbele ya nyumba kuna miti mikubwa ya kafuri iliyopandwa mnamo mwaka 1700, mashina yamejaa mafundo na hayakumbatiki hata na watu kadhaa. Nilisugua jani kidoleni nikanusa. Harufu ni ile ile tunayoijua sisi watu wa pwani, ya kafuri ya kuoshea maiti. Nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kwamba wanaakiolojia walipochimba mahali palipokuwa na nyumba ya watumwa katika shamba hilo, walikuta chini ya sakafu kaburi la mwanamke. Gavana aliyejenga pale, Willem Adriaan van der Stel, mtoto wa yule wa Constantia, jina lake limo katika kila kitabu. La mwanamke yule halijulikani.

Mchana tukaingia shamba jingine, karibu na mji wa Stellenbosch. Kijana aliyetuhudumia aliijua kazi yake. Alitueleza kwamba maji ya zabibu nyeusi karibu zote hayana rangi, wekundu unatoka kwenye maganda yanayoachwa humo mvinyo unapochacha. Akatuonjesha pinotage, zabibu iliyozalishwa hapo hapo Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold. Binamu akamuuliza kuhusu dop. Kijana akatabasamu kwa adabu, akasema hayo ni mambo ya zamani, akamimina glasi nyingine.

Dop ulikuwa utaratibu wa kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa mvinyo hafifu, mara kadhaa kwa siku. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini mashambani uliendelea hadi miaka ya 1990. Matokeo yake yapo leo: Western Cape ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikusanya glasi alisikia swali letu. Binamu alimwamkia kwa kumwita “anti”, kama wanavyoitana watu wa kule. Akatuambia baba yake alikuwa akipanga foleni asubuhi na jioni, na kikopo chake cha bati kilining'inia mlangoni kwao. Hayo ndiyo maelezo bora niliyoyapata siku ile, na hayakuwa kwenye ratiba.

Watasema mgeni yuko likizo, msimharibie. Mbona Zanzibar mgeni anashuka asubuhi vyumba vya chini vya Mkunazini, vinavyoonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa, na mchana yuko Nungwi anaogelea? Hakuna aliyeacha kuja Unguja kwa sababu aliambiwa ukweli.

Na ukweli wenyewe una mengi ya kujivunia. Ntsiki Biyela, binti wa kijijini KwaZulu-Natal, alipata ufadhili akaenda kusomea utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch bila kuwahi kuuonja, tena kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua. Leo ana mvinyo wake, Aslina, jina la bibi yake. Vibarua wa mashamba ya zabibu wa De Doorns waligoma mwaka 2012, wakati kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150, na kuanzia Machi 2013 wakapandishiwa hadi 105. Habari kama hizi zingesimuliwa mezani pale pale, mvinyo ungepungua utamu gani?

Nasema haya nikiiwazia Dodoma pia, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na wakulima wengi ni wadogo, wenye ekari chache. Siku tutakapoanza kuwatembeza wageni Hombolo kwa wingi, mkulima awe ndiye anayeongea, na alipwe kwa kuongea.

Kwa anayekwenda Cape Town mwaka huu: anza na jumba la makumbusho la Slave Lodge, mtaa wa Adderley, mapema kabla hujaonja chochote. Halafu Constantia, halafu Vergelegen. Na shamba lolote utakaloingia, uliza vibarua wanakaa wapi na wanalipwa kiasi gani kwa siku.